Tuta Lililopumzishwa: Bwawa la Kelly Barnes na Usiku wa Toccoa, 1977

Usharika unapotimiza miaka 100, huhesabu vilivyojengwa. Huhesabiwa kanisa la kwanza la miti na udongo, na lile la mawe lililolirithi. Nyumba ya mchungaji, shule, zahanati, kengele, na mfereji uliochimbwa kwa majembe ya Wakristo wa mwanzo pamoja na jirani zao ambao walikuwa bado hawajabatizwa. Hesabu hiyo ni njema, na kurasa nyingine za kitabu hiki zimeifanya. Lakini ipo hesabu ya pili ambayo aghalabu haifanywi siku za jubilei, kwa kuwa haina vigelegele. Hiyo ni hesabu ya vitu ambavyo watangulizi walivijenga kwa ajili ya kazi fulani, kazi hiyo ikaisha, vitu vyenyewe vikabaki vimesimama, na waliovirithi wakaendelea kuvifurahia pasipo kuvikagua.

Historia ifuatayo ni ya kitu cha namna hiyo. Haikutokea katika dayosisi hii wala katika nchi hii. Ilitokea katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kwenye chuo cha Biblia ambacho si cha Kilutheri, lakini kwa umri ni rika la sharika nyingi za kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji Richard A. Forrest alikianzisha mwaka 1907 katika jimbo la North Carolina, na mwaka 1911 kikahamia karibu na mji wa Toccoa, Georgia, mahali ambapo kijito chenye jina hilo hilo huanguka kutoka kwenye mwamba wenye kimo cha mita 57 hivi. Wenyeji hupenda kumwambia mgeni kwamba maporomoko yao yanayapita yale ya Niagara kwa urefu, na wanasema kweli. Chuo kilijengwa chini ya maporomoko. Bwawa lilikuwa juu yake.

Bwawa hilo halikujengwa mara moja. Mnamo mwaka 1899, kabla chuo hakijakuwapo, watu walipanga magogo na mawe kukatiza kijito ili maji yaendeshe mtambo mdogo wa kufua umeme. Mwaka 1937 chuo kilipachagua mahali pale pale kwa ajili ya umeme wake. Udongo ukarundikwa juu ya boma lile la kale, nalo likabaki ndani kama mfupa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia tuta likaongezwa kimo tena. Mwisho wa yote lilikuwa na kimo cha karibu mita 12 na urefu wa mita 122, na nyuma yake likatandaa ziwa la ekari 40 hivi. Likaitwa bwawa la Kelly Barnes. Wachunguzi walipokuja baadaye kutafuta michoro ya ujenzi, hawakuipata. Jambo hilo lisimshangaze sana msomaji wa kanisa letu, kwani majengo mengi ya misioni nayo yalikua hivyo hivyo: chumba kikaongezwa ubavuni, paa likainuliwa, ukumbi ukaunganishwa, na kumbukumbu ya kazi ikabaki katika kichwa cha fundi hata alipozikwa.

Kwa miaka 20 hivi tuta lile lilifanya kazi. Chuo kilipata mwanga kwa sababu yake. Taa zilipofifia, mtu alipanda kwenda kuangalia. Bomba lilipoziba majani, mtu alilizibua. Mwaka 1957 ufuaji wa umeme ulikoma. Tuta halikubomolewa, wala ziwa halikukaushwa, kwa kuwa lilikuwa zuri, na hapakuwa na mtu aliyeona sababu ya kuliondoa. Tangu mwaka huo likawa mahali pa mapumziko na burudani tu.

Hapo ndipo penye kiini cha makala hii. Inadhaniwa kwa kawaida kwamba kitu kikiondolewa kazi nzito hukaa salama zaidi, kama ng'ombe mzee aliyefunguliwa nira. Kwa bwawa mambo huwa kinyume. Maji ya ziwa la burudani yana uzito ule ule wa maji ya umeme, na huliegemea tuta usiku na mchana. Kilichoondoka mwaka 1957 si uzito, bali ni mtu wa kuangalia. Waliokuja ziwani walikuja kuyatazama maji, na mtu anayeyatazama maji huwa ameugeuzia mgongo upande wa nyuma wa tuta, ambako dalili zote za hatari huonekana.

Msomaji wa Upareni hahitaji kwenda mbali ili alielewe jambo hili. Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Maji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Kwa kuwa kila siku yupo mtu wa zamu wa kuziba na kufungua, kila siku lipo jicho juu ya tuta. Tope likizidi, msaragambo huitwa, na asiyefika hutozwa. Wazee hawakuwa na somo la uhandisi, lakini walikuwa na njaa, na njaa ni mkaguzi asiyekosa zamu. Ziwa la kupumzikia halina mkaguzi huyo. Likikauka, hakuna atakayelala bila kula. Basi hakuna anayeamka mapema kwa ajili yake.

Ni vema kueleza kidogo jinsi tuta la udongo linavyoishi. Si ukuta mkavu. Maji hupenya ndani yake polepole siku zote, na hilo peke yake si kosa; tuta lililojengwa vizuri lina kiini cha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na chujio la mchanga na kokoto linalopokea maji yale na kuyatoa taratibu bila kuyaruhusu yabebe kitu. Kosa huanza pale maji yanapotoka na udongo. Chembe chache huondoka, nafasi yake huwa njia, njia huvuta maji mengi zaidi, nayo maji mengi huchukua chembe nyingi. Mchwa huila boriti namna hiyo hiyo, na nje rangi hubaki nzuri. Ndiyo maana fundi wa mabwawa akiona maji yakivuja chini ya tuta hutazama kwanza kama ni meupe au ni ya tope. Yakiwa meupe huyapima na kuyaandika. Yakiwa na tope, huwaamsha watu walalao bondeni.

Sasa, mahali panapopendwa sana na maji ya namna hiyo ni kandokando ya bomba lililopita ndani ya tuta, kwa kuwa udongo haushindiliki vema pale, na chuma cha kale huoza. Mahali pengine ni kwenye mizizi ya miti. Mti mkubwa juu ya tuta humpendeza mtalii, humpa kivuli mvuvi, na hudhaniwa kwamba unaushika udongo. Lakini mizizi yake huingia ndani kutafuta maji. Na siku mti unapokufa, mizizi huoza ikaacha mashimo marefu. Upepo nao ukiung'oa mti, huondoka na kipande cha tuta.

Bwawa la Kelly Barnes lilikuwa na mambo haya pamoja. Ndani yake lilikuwa na bomba la chini la tangu siku za umeme, na lile boma la magogo na mawe. Mteremko wake wa nyuma ulikuwa mkali mno kwa udongo, nao ulikuwa umeota miti na vichaka. Na lilikuwa limetoa onyo. Picha iliyopigwa mwaka 1973 ilionyesha kwamba sehemu ya mteremko huo ilikuwa imeporomoka, kimo cha mita 3 na zaidi na upana wa mita 9 hivi. Miaka minne ilipita kati ya picha ile na usiku wa mafuriko. Si haki kuwahukumu watu wa chuo kana kwamba walijua na wakapuuza. Walikuwa walimu wa Maandiko, tuta lilikuwa limesimama tangu kabla wengi wao hawajafika pale, na sheria ya Georgia wakati huo haikumlazimisha mtu yeyote kulikagua. Kitu kilichosimama muda mrefu hujipatia sifa ya kwamba kitasimama siku zote. Umri, ambao ulipasa kuwa sababu ya kulishuku tuta, ulikuwa ndio ushahidi wa uimara wake.

Mwanzoni mwa Novemba 1977 mvua ilinyesha kwa siku kadhaa, jumla ya milimita 180 hivi, na karibu nusu yake ilianguka jioni ya Jumamosi tarehe 5, kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku. Kijito kilifura. Wazimamoto wa kujitolea walikuwa macho, na usiku ule tuta lilikaguliwa. Hawakuona jambo la kutisha. Iweje wakaone? Ilikuwa giza, mvua inanyesha, na kinacholiua tuta hukaa ndani yake.

Yapata saa 7 na nusu usiku, kuamkia Jumapili tarehe 6, tuta lilikatika. Maji yapatayo mita za ujazo 770,000 yaliachiliwa. Karibu na bwawa mkondo ulipokuwa mkubwa kabisa ulikadiriwa kupitisha mita za ujazo 680 kwa sekunde, katika bonde la kijito ambacho siku ya kawaida mtoto hukivuka kwa kuruka mawe. Maji yaliruka kwenye maporomoko yakawaangukia watu waliokuwa wamelala. Yaliingia katika bweni la wanafunzi wanaume. Yakafika mahali zilipokuwa zimeegeshwa nyumba nyepesi za kuvutwa kwa gari, ambazo familia changa za wanafunzi waliooa hukaa kwa sababu kodi yake ni ndogo. Nyumba hizo hazina msingi. Kumi na nane ziliharibiwa kabisa, pamoja na nyumba za kudumu 9 na majengo mawili ya chuo.

Walikufa watu 39, na 20 kati yao walikuwa watoto.

Habari ilipofika Ikulu ya Marekani haikufika kwa wageni. Rais Jimmy Carter alikuwa mtu wa Georgia na gavana wa jimbo hilo kabla ya kuwa Rais. Mkewe, Rosalynn Carter, alifika mwenyewe chuoni kuwafariji waliofiwa. Wengi wakati ule na baadaye walishangazwa na utulivu wa imani waliouona pale, na ushuhuda huo ni wa kuheshimiwa. Ila mhubiri anapaswa kuwa na hadhari. Katika Injili ya Luka, Bwana Yesu aliulizwa habari za watu waliouawa, naye akawakumbusha wauliza wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kupita wengine. Hakusema lolote juu ya waliojenga mnara ule. Kanisa limezoea kusoma habari ile kwa kumtazama aliyekufa na kumuuliza Mungu. Lipo pia swali dogo zaidi, ambalo halimhitaji mwanateolojia: nani alikuwa na zamu ya kuutazama mnara?

Tume ya wachunguzi iliyoteuliwa na serikali kuu ilitoa taarifa yake mwezi Desemba mwaka ule ule. Haikutaja sababu moja. Ilisema yawezekana mambo kadhaa yalishirikiana: mteremko mkali wa nyuma kuporomoka, maji kupenya ndani na kubeba udongo, na bomba la kale kubomoka. Wengine waliona jibu hilo ni la kukwepa. Kwa hakika ni jibu la uaminifu. Ushahidi ulikuwa umechukuliwa na maji, michoro haikuwapo, wala hapakuwa na daftari la ukaguzi ambalo lingeonyesha jinsi tuta lilivyobadilika mwaka hata mwaka. Bwawa lisilo na daftari hufa bila kuacha wosia.

Jambo chungu zaidi ni kwamba sheria ilikwisha kutungwa. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek katika jimbo la West Virginia, bwawa la mabaki ya makaa ya mawe lilipasuka na kuua watu 125. Mwezi Juni mwaka huo huo mafuriko ya Rapid City, South Dakota, yaliua watu 238, na katikati ya maafa yale lilikatika bwawa la Canyon Lake, ambalo nalo lilikuwa la udongo na lilipamba bustani ya mapumziko ya mji. Kabla mwaka haujaisha Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukagua mabwawa. Orodha ikaandikwa, ikafikia karibu mabwawa 50,000. Kisha fedha za kuyakagua hazikutengwa. Kwa hiyo kwa miaka mitano nchi tajiri kuliko zote ilikuwa na orodha nzuri ya mabwawa yake, imefungwa kabatini.

Baada ya Toccoa, Rais Carter aliagiza jeshi la wahandisi likague mabwawa yapatayo 9,000 ambayo si mali ya serikali kuu na ambayo yakikatika yangeua watu. Kazi ilimalizika mwaka 1981, na karibu theluthi moja ya yaliyokaguliwa yalionekana si salama. Georgia nayo ilitunga sheria yake ya usalama wa mabwawa mwaka 1978. Ni muhimu kuelewa jinsi mabwawa hayo yalivyochaguliwa, kwa sababu mpango huo bado unafuatwa mpaka leo katika nchi nyingi. Bwawa huwekwa katika daraja la hatari kubwa si kwa sababu limechakaa, bali kwa sababu ya watu walio chini yake. Tuta jipya na imara lililo juu ya kijiji liko daraja la juu. Tuta bovu lililo juu ya pori liko daraja la chini. Maana yake ni kwamba bwawa laweza kupanda daraja bila mtu kuligusa, kwa kujengwa nyumba moja tu bondeni. Kila familia changa iliyoegesha nyumba yake kando ya kijito cha Toccoa ilikuwa, pasipo kujua, inabadilisha daraja la bwawa.

Hata hivyo mfano wa Toccoa haukuwa mpya. Wamarekani walikuwa wameuona kwa ukubwa wa kutisha miaka 88 kabla, kaskazini zaidi, katika milima ya Pennsylvania, na tofauti ni kwamba huko palikuwa na onyo la maandishi.

Bwawa la South Fork lilianza kujengwa na serikali ya jimbo hilo mwaka 1838, likamalizika mwaka 1853, ili kuupa maji mfereji wa mashua. Karibu mara tu lilipokamilika, reli iliufanya mfereji kuwa kitu cha kale. Kazi ikaisha, tuta la urefu wa mita 284 na kimo cha mita 22 likabaki. Likauzwa. Mwaka 1862 likapasuka kwa sehemu, na kwa kuwa ziwa lilikuwa na maji machache, madhara hayakuwa makubwa. Mmiliki mmojawapo akang'oa mabomba matano ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta na kuyauza kama chuma chakavu, na tangu siku hiyo hapakuwa na njia ya kushusha maji ya ziwa. Mwaka 1879 likanunuliwa kwa ajili ya klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, ambao miongoni mwao walikuwa Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Pengo likazibwa kwa udongo, mawe, na hata nyasi kavu na samadi. Kilele cha tuta kikachongwa kushuka ili magari mawili ya farasi yapishane. Kwenye utoro, yaani ile njia ya pembeni ya kupitishia maji yanayozidi, wakaweka vyuma vya wavu ili samaki wao wa thamani wasitoroke.

Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu nzuri kwa mtu aliyekuja kupumzika. Barabara pana ni raha, na samaki wasiotoroka ni raha. Tuta lilikuwa linageuzwa polepole kuwa pambo, na kila pambo lilipunguza kitu ambacho lilihitaji ili liishi.

Chini yake, kilometa 22 bondeni, ulikuwapo mji wa viwanda wa Johnstown. Mkuu wa kiwanda cha chuma cha mji huo, Daniel Morrell, alimtuma mhandisi John Fulton mwaka 1880 alitazame bwawa. Fulton aliandika kwamba makosa ni mawili: hakuna bomba la kushushia maji, na ukarabati haukufanywa ipasavyo. Kiongozi wa klabu, Benjamin Ruff, alijibu kwa kuwahakikishia kwamba hakuna hatari. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama za matengenezo, akakataliwa. Alifariki mwaka 1885, na Ruff mwaka 1887. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya usiku wa mvua kubwa, watu wa klabu walihangaika asubuhi nzima kuchimba njia ya pili ya maji, na habari zikapelekwa kwa telegrafu. Lakini walioko chini walikuwa wamezisikia habari za namna hiyo mara nyingi, na tuta lilikuwa halijawahi kuja. Lilikatika yapata saa 9 alasiri. Maji yaliingia Johnstown saa 10 na dakika 7. Waliokufa wanahesabiwa kuwa 2,209. Kati yao zaidi ya 750 walizikwa bila kujulikana ni nani. Mahakamani, klabu haikulazimishwa kulipa kitu.

Isije ikadhaniwa kwamba kazi peke yake hulilinda bwawa. Bwawa la Teton katika jimbo la Idaho lilikuwa jipya kabisa, la umwagiliaji na umeme, likiwa linajazwa maji kwa mara ya kwanza, lilipokatika tarehe 5 Juni 1976 na kuua watu 11. Na msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kusahau Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, ambako usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba lilivunjika na kuua zaidi ya watu 40. Lisemwalo hapa ni jambo dogo zaidi, ila gumu kukanwa: bwawa linapobadilishwa kazi, hasa kutoka kwenye riziki kwenda kwenye starehe, ndipo ukaguzi wake hupotea bila mtu kuamua kwamba upotee.

Bado hupotea. Katika jimbo la Michigan lilikuwapo bwawa la Edenville, tuta la udongo la miaka ya 1920 lililofua umeme. Nyumba nyingi zilijengwa kandokando ya ziwa lake, zenye gati za mashua. Mamlaka ya serikali kuu ilidai kwa miaka mingi kwamba utoro upanuliwe, kwa kuwa haukutosha kwa mafuriko makubwa. Haukupanuliwa, na mwaka 2018 leseni ya umeme ikafutwa. Adhabu hiyo ilikuwa ya haki, lakini matokeo yake yanapaswa kutafakariwa. Umeme ulikoma, usimamizi ukahamia kwenye idara ya jimbo, na ziwa likabaki, likiwa sasa ziwa la mashua na uvuvi. Tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, sehemu ya tuta ilishuka ghafla ikamwagika kama uji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mchanga uliolegea ndani ya tuta, ulioshiba maji, ulipoteza nguvu zake mara moja. Bwawa la Sanford lililokuwa chini yake likafuata. Watu wapatao 10,000 walikuwa wamehamishwa, na kwa rehema ya Mungu na kwa juhudi za waliogonga milango, hakuna aliyekufa. Tuta lile lilikuwa na umri wa karibu miaka 96.

Mafundi wanajua la kufanya kwa tuta zee linalohifadhiwa kwa ajili ya mapumziko, wala si siri. Miti hukatwa, na visiki hung'olewa na mashimo yake kushindiliwa upya, kabla mizizi haijaoza. Mteremko wa nyuma hulazwa zaidi, na chini yake huwekwa chujio la mchanga na kokoto. Bomba la kale huzibwa au hubadilishwa. Utoro hupanuliwa, na wavu wa samaki huondolewa. Maji hushushwa kiasi, ingawa wenye mashua watalalamika. Huteuliwa mtu mwenye jina, si kamati, wa kulitembea tuta kila juma na kila baada ya mvua, na kuandika katika daftari. Huandikwa orodha ya wanaolala bondeni na namna ya kuwaamsha. Na kama hakuna fedha za hayo yote, tuta hukatwa kwa makusudi, mchana, wakati wa kiangazi, maji yakishushwa kidogo kidogo. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza wenye ziwa kuliko yote, kwani hakuna anayepigiwa makofi kwa kuondoa kitu kizuri ambacho baba yake alikijenga. Nehemia alipofika Yerusalemu, kabla ya kusema neno kwa wakuu, aliuzunguka ukuta usiku pamoja na watu wachache, akaukagua palipobomoka. Alianza na ukaguzi, ndipo akaita watu kazini. Yawezekana aliujua moyo wa wakuu.

Chuo cha Toccoa Falls hakikufungwa. Walizika wafu wao, wakajenga upya mabweni na nyumba mbali zaidi na hatari, na mwaka 2007 kikaadhimisha miaka 100. Bwawa la Kelly Barnes halikujengwa tena. Ziwa liliondoka usiku ule ule, na mahali lilipokuwa pakarudi kuwa bonde. Mgeni anayesimama leo chini ya maporomoko huyaona maji yakishuka mwambani kama yalivyoshuka kabla ya mwaka 1899, mengi siku za mvua na machache siku za jua, na juu yake hakuna kitu kilichoyazuia.